Kifafa Nilichopewa Nyumbani

Nilipokuwa mtoto Karatu, ndege ndogo zilipita juu ya mashamba yetu chini kiasi kwamba uliweza kuyaona magurudumu. Zilikuwa za watu wa kuhesabu wanyama. Zilitoka upande wa Manyara, zikapanda ukingo wa bonde, zikavuka mashamba ya ngano, kisha zikapotelea kwenye ukungu wa msitu wa Ngorongoro. Wenzangu walizikimbiza wakipiga kelele. Mimi nilisimama nikiangalia zinavyokata kona, kwa sababu nilitaka kujua yule aliyemo ndani anafanya nini kwa miguu. Mikono nilijua ina usukani. Miguu je? Swali hilo nilikaa nalo tangu darasa la tatu, na hapakuwa na mtu kijijini wa kunijibu.

Nilikuwa mtoto wa mwisho. Kwetu Wairaqw mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, anawazika, na shamba linakuwa lake. Kaka zangu wawili walishapewa maeneo yao upande wa Mbulu wakaondoka. Dada yangu aliolewa jirani tu, ukisimama kwenye kahawa yetu unaona moshi wa jiko lake. Kwa hiyo watu waliponitazama waliona mlinzi wa lango. Sikuwahi kuulizwa kama kazi hiyo naitaka. Ilikuwa jambo linalojulikana, kama unavyojua mlango wa nyumba yenu uko upande gani.

Na baba alikuwa na sababu ya kulifikiria sana shamba lile. Miaka ya kuhamishiwa vijijini, sisi tulivunja nyumba tukajipanga kando ya barabara kama wengine, lakini baba aliendelea kulima eneo lake la zamani kwenye mteremko. Jirani yetu mmoja mzee, ambaye wanawe wote walikwenda kutafuta maisha Arusha, alikuta kamati ya kijiji imeligawa shamba lake kwa watu wenye vijana wa kulima. Hakuonewa kwa fimbo wala kwa matusi. Aliitwa tu mkutanoni akaambiwa ardhi haiwezi kulala wakati watu wana njaa. Baba alirudi kutoka mkutano ule akashika jembe, akaenda mteremkoni.

Nilimaliza kidato cha sita na kwenda kambini kulitumikia taifa kwa mwaka mmoja, kama vijana wote wa wakati ule. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha si zamani, na jeshi lilikuwa linatafuta vijana waliosoma fizikia na hesabu. Siku moja alikuja afisa mrefu mwenye Kiswahili cha pwani, akatukusanya sisi wa masomo hayo chini ya paa la bwalo. Akatueleza kuhusu nafasi za kusomeshwa urubani.

Ninamheshimu mtu yule hadi leo, maana hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema utaanza na mafunzo ya uafisa hapa nchini, halafu utapelekwa ng'ambo kujifunza kuruka, na gharama zote ni za jeshi. Baada ya hapo utatumikia miaka kumi na miwili, ikihesabiwa tangu siku utakayovishwa alama ya mabawa, siyo tangu siku ya kujiunga. Katikati hakuna kuaga. Miaka ya mwanzo hakuna kuoa bila ruhusa ya mkuu wako. Ukishindwa kuruka hurudishwi nyumbani, unapelekwa kazi nyingine ya chini na unalipa deni lako kwa utumishi. Akasema asingependa mtu akubali kwa sababu ameona sare imempendeza mwenzake.

Palikuwa na nafasi nyingine za jeshi, za kusomea udaktari na uhandisi, ambazo muda wake wa kutumikia ulikuwa mfupi zaidi. Kulikuwa pia na njia ya kawaida: kufanya kazi kwanza, halafu kuomba chuo kikuu kama raia. Usiku wa kambi ulijaa hesabu hizo. Mwenzangu wa kitanda cha juu alikuwa kijana wa Kimasai kutoka Loliondo, mwenye akili ya hesabu kuliko sisi sote, naye alikataa bila kuhangaika. Rika lake lilikuwa linakaribia sherehe ya kutoka kwenye umorani na kuingia uzee, na sherehe hiyo haimsubiri mtu. Aliniambia, "Nikiikosa hiyo, nitarudi nikiwa rubani asiye na mtu wa kula naye nyama." Alimwambia afisa vivyo hivyo, usoni, na afisa akamwelewa. Nimemkumbuka sana kijana yule miaka iliyofuata, kwa namna alivyolisema jambo lake mchana kweupe.

Mimi nilitaka urubani. Miaka kumi na miwili niliizungusha kichwani kila upande, nikaona nitatoka nikiwa bado na nguvu, wazazi wangu wakiwa hai kwa majaliwa, na shamba litakuwepo. Nilipopewa ruhusa fupi ya kwenda nyumbani, nilikwenda kwa nia moja, kumwambia baba.

Alinisikiliza zizini, akiwa anakamua. Hakunikatiza. Aliuliza miaka mingapi, nikamjibu. Akauliza kama mtu anaweza kurudi nyumbani wakati wa kupanda, nikamwambia likizo ipo lakini inapangwa na wakubwa. Akauliza kama ndege hizo huwa zinaanguka. Nikasema magari yanaanguka zaidi. Alimaliza kukamua, akampa maziwa Aayo, yaani mama, ambaye sisi watoto tulimwita hivyo kwa Kiiraqw. Kisha akanitazama kwa upole, upole ambao baadaye ulinitesa kuliko kama angenifokea.

"Nenda kwanza ukapimwe," alisema. "Mwili ndio utakaosema."

Niliona nimepewa baraka. Aayo alinifungia unga wa mahindi ya kukaanga na asali kwenye chupa, na asali wakati ule, sukari ilipokuwa haionekani dukani, ilikuwa kitu cha heshima. Nikapita kwa dada kuaga. Mumewe, shemeji yangu, alikuwa mtani wangu kweli kweli. Mashemeji wengi hutaniana, lakini sisi tulikuwa tumezidi. Aliwahi kunitangaza kanisani kuwa natafuta mke mwenye meno machache ili asinimalizie chakula. Mimi niliwahi kumfichia viatu siku ya ubatizo wa mtoto wake mwenyewe. Hakuna kati yetu aliyewahi kumkasirikia mwenzake, kwa sababu mtani akikukosea huna la kufanya isipokuwa kumtoza mbuzi na kungoja zamu yako. Siku ile aliniambia nikipita juu ya shamba lake nisimdondoshee buti. Nikaondoka nacheka.

Dar es Salaam ilinipokea kwa joto la kumwagika. Tulipimwa katika hospitali moja ya jeshi, vijana kutoka kila mkoa, tukiwa na kaptula tu, aibu yote imekwisha. Walitupima macho kwa herufi na kwa kadi za madoa ya rangi. Walitufungia masikioni vitu vya kusikilizia milio midogo. Walisikiliza moyo tukiwa tumelala, kisha wakatupandisha na kutushusha kwenye benchi na kuusikiliza tena. Palikuwa na kiti kinachozungushwa, unafumba macho, wanakisimamisha ghafla na kukuambia unyooshe mkono kuelekea mlango. Wengi waliuonyesha ukuta. Mimi niliuonyesha mlango. Msaidizi wa daktari alinipiga begani akasema wewe mtoto wa milimani umezaliwa na kichwa cha ndege.

Wakati sisi tunapimwa, jeshi lilikuwa linatuma watu kwenye vijiji vyetu kufanya upekuzi. Hilo tulilijua. Ni kawaida mtu anayeingia kazi ya namna ile kuulizwa habari zake kwao: tabia yake, wazazi wake, magonjwa ya ukoo. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Sikuwahi kulewa wala kuiba, na mtu wa mwisho kulazwa nyumbani kwetu alikuwa bibi.

Kisha nikaitwa peke yangu. Daktari aliyeniita alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani, na alinipa kiti, jambo ambalo hakuna mwanajeshi aliyewahi kunifanyia. Akasema mwili wangu hana ugomvi nao. Halafu akaniuliza nilianza kuanguka nikiwa na umri gani. Sikumwelewa. Akarudia kwa utaratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba nyumbani kwetu wamesema nina kifafa.

Nikauliza nani amesema. Akajibu ni watu wa nyumbani, na hao ndio wanaojua. Nikamwambia sijawahi kuanguka, anipime kwa kipimo chochote atakacho, hata akinifungia ndani mwezi mzima. Aliivua miwani. Nadhani aliniamini nusu, na ile nusu ndiyo ilimfanya asinifukuze.

"Kijana, hakuna kipimo cha kuonyesha kwamba mtu hajawahi kuanguka," alisema. "Na rubani akianguka, haanguki peke yake."

Hapakuwa na rufaa. Jeshi lisingemkabidhi ndege mtu mwenye neno hilo juu ya jina lake, na nikiwa mtu mzima sasa naona lilifanya sawa. Hata zile nafasi za udaktari na uhandisi zilifungwa, kwa kuwa zote zilianza na uafisa na uafisa ulitaka afya safi. Nilipewa hati ya kusafiria nikarudishwa kumalizia mwaka wangu kambini, na kutoka kambini nikaenda nyumbani.

Nataka niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Katika miezi ile nilianza kuuogopa mwili wangu. Nilifikiri, huenda kweli naanguka, na watu wote wanajua isipokuwa mimi. Nikiamka asubuhi nilipitisha ulimi kwenye meno kutafuta kama nimeujeruhi. Nilichunguza viwiko vyangu. Nilikwepa kulala karibu na moto. Kijana mzima, mwenye afya ya kutosha kuzungushwa kwenye kiti na bado akauona mlango, niliishi nikijichungulia kama mtu anayemchungulia mwizi. Hilo ndilo nililofanyiwa. Kunyimwa ndege ni kitu kimoja, lakini kunyimwa uhakika wa mwili wako mwenyewe ni kitu kingine, na sijui kama waliolifanya walifikiri hata dakika moja kwamba lingefika huko.

Nilipanda lori kutoka Mto wa Mbu, nikafika nyumbani mchana. Shemeji alikuwepo uani, na hakuanza na utani. Alisimama akaniambia ni yeye. Akasema alikuja mtu mmoja amevaa vizuri, mgeni huku, akiwa na mwenyekiti wa kijiji, anauliza habari zangu kwa ukali wa kizungu. Yeye akaona amtanie kidogo, akamwambia huyo kijana huanguka akiyaona mawingu. Mtu yule hakujua kwamba sisi ni watani. Akaichukua ilivyo.

Nilimtazama baba. Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Akasema bila kuinua macho, "Huyo ni mtani wako. Utamfanya nini?"

Kweli, ningemfanya nini? Nilimtoza mbuzi. Alimleta jioni ile ile, beberu mkubwa kuliko ilivyostahili, na tukamla pamoja, na jamaa wakacheka kwamba huu ndio utani uliogharimu ndege. Nami nilicheka. Nilicheka kwa sababu mtu anayemkasirikia mtani anaonekana hana malezi. Lakini nilirudishiwa mwili wangu. Nilijua sasa kwamba sina kifafa, ni maneno ya mzaha tu, na usiku ule nililala karibu na moto. Kwa hilo nilimsamehe shemeji kweli, na nilimpenda kama zamani.

Nilitaka nirudi Dar kueleza. Baba akaniambia jambo likishakataliwa na serikali halirudishwi kwa maneno, nitaonekana mbishi na kijiji kitatajwa vibaya. Mwenyekiti naye akasema vivyo hivyo. Nikabaki. Nililima, nikapalilia kahawa, nikapanda ngano kwenye ule mteremko, na kamati ya kijiji ikaniandika kuwa mkulima wa eneo lile. Baba alifurahi siku hiyo hata akamnunulia mwenyekiti bia. Niliona ni furaha ya mzazi.

Baadaye nilipata kazi ya udereva katika hoteli moja pale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Miaka ile mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa kwa muda na watalii walikuwa wachache, lakini waliokuja walitaka kushuka chini kuona wanyama. Barabara ya kushuka ilikuwa ya kona na mawe, asubuhi ukungu umejaa hadi huoni boneti ya Landrova, upande mmoja mlima na upande mwingine hewa tupu. Nilipewa kazi hiyo kwa kuonyesha leseni tu. Hakuna aliyeniuliza juu ya kuanguka. Mtu aliyekataliwa kubeba watu angani kwa ajili ya kifafa alikabidhiwa kuwabeba kwenye ukingo ule kila siku, na sikujua nicheke au nitukane.

Siku moja rubani wa ndege ndogo aliyeleta wageni kwenye kiwanja alikuwa anawasubiri wakati wanakula, nikamuuliza lile swali langu. Akaniambia miguu inasukuma kanyagio mbili zinazogeuza ule usukani wa mkiani, ndiyo maana kona inakuwa laini. Alinikaribisha nikae nizikanyage. Nilizikanyaga ndege ikiwa imesimama, nikamshukuru, nikarudi kwenye gari langu.

Lakini neno kifafa lilikuwa limeshatoka nje ya ua wetu. Wafanyakazi wenzangu wa Karatu walikuwa wanalijua. Mpishi mmoja alikuwa radhi kungoja lori la mahindi kuliko kupanda gari langu. Wengine walipanda huku wameshika mlango. Sikuwalaumu, nilidhani ni matokeo ya mzaha uliokwenda mbali, na mwenye mzaha nilishamla mbuzi wake.

Nikaja kumpata mwalimu mmoja wa shule ya msingi, binti wa upande wa Mbulu, mcheshi, anayesahihisha Kiswahili changu hadi leo. Yeye aliniuliza mwenyewe kama naanguka, nikamwambia hapana na sababu ya maneno yale, akacheka akaniamini. Kwao haikuwa rahisi hivyo. Kabla ya kutoa binti, wazee wetu huchunguza ukoo wa mwenzao kwa makini, na ugonjwa wa kuanguka ni moja ya mambo ambayo hayana majadiliano, kwa kuwa utaingia kwa wajukuu. Baba yake alituma neno kwamba tusijisumbue kuja. Nilikwisha kukataliwa hivyo mara moja na familia nyingine, nikanyamaza. Safari hii sikuweza kunyamaza. Nilimwambia baba kwamba nikimkosa huyu sioi tena, na nyumba yake itarithiwa na popo.

Hilo lilimwingia. Akasema atakwenda mwenyewe. Shemeji ndiye alikuwa mshenga wetu, kwa hiyo naye alikwenda. Niliazima pikapu ya hoteli, nikawapeleka. Baba alikaa mbele nami, shemeji nyuma pamoja na dumu la pombe na blanketi la mama mkwe. Nilishangaa kuona shemeji hana neno njia nzima. Nilifikiri ni vumbi.

Kwa desturi kijana anayeposa hana usemi mahali pale. Nilikaa karibu na mlango, juu ya kigoda, nikiangalia miguu yangu. Ndani walikuwemo baba wa binti na wazee wawili wa ukoo wake. Binti na mama yake walikuwa chumba cha pili na sauti zilipita. Baada ya salamu ndefu, baba mkwe alisema wazi kwamba sisi ni watu wazuri, ila habari ya ugonjwa ameisikia kwa watu wengi, na inasemekana imetoka nyumbani kwetu wenyewe, si kwa maadui. Nilimtazama shemeji, nikingoja asimame aeleze utani wake. Ndio wakati wake. Hakusimama. Aliinamisha kichwa, na baba akasafisha koo.

"Mtoto wangu hajawahi kuanguka hata siku moja," alisema. "Maneno hayo niliyasema mimi."

Akaeleza. Alieleza kwa Kiiraqw kizuri cha wazee, bila haraka, kama mtu anayesimulia alivyomkinga ndama wake na homa ya ndigana. Alisema mtu wa jeshi alipokuja, yeye alishafanya uamuzi. Kijana ni wa mwisho, shamba lilikuwa linanyemelewa na kamati, na miaka kumi na miwili ingelimaliza. Kukataa wazi hakukuwezekana, mwenyekiti alikuwa amekaa pale pale na angemwandika kuwa mpinga maendeleo. Kwa hiyo alimwambia mgeni kwamba mtoto ni mgonjwa, kwa sababu hakuna serikali inayomlaumu mtu kwa ugonjwa. Akasema mama wa kijana ni shahidi, maana ndiye aliyemwekea mgeni asali kwenye chai na kuongeza kwamba nikianguka huwa natoka povu.

Mzee mmoja akauliza, na ule utani wa shemeji tuliousikia?

"Huyu tulimpa abebe lawama," baba akasema, akimnyooshea shemeji kidole. "Kijana asingeweza kumkasirikia."

Wazee wale wakaanza kucheka, kicheko cha kusifu, wakipigana magotini. Baba mkwe alisema kama kila mzazi angekuwa na akili hiyo, mashamba mengi yasingepotea. Mwingine akasema huo ndio uzazi. Nilingoja hata mmoja wao aseme, lakini kijana je? Hakuna aliyesema. Kwao lilikuwa limethibitishwa jambo walilolitaka, kwamba damu yetu ni safi, na uthibitisho wake ulikuwa uongo wa baba yangu. Nilikumbuka kiti kile cha kuzungushwa. Safari hii nisingeweza kuuonyesha mlango, ingawa nilikuwa nimekaa kando yake.

Nilijisikia kuuzwa. Siyo na mtu mmoja, bali na watu wote niliowapenda: aliyesema, aliyeongezea povu, na aliyenichinjia mbuzi ili nile nisiulize. Walikaa wakapanga, wakagawana kazi, na kila mmoja akaifanya vizuri. Nilijichunguza ulimi asubuhi nyingi kumbe wao wanajua. Nilitaka kusimama niseme hayo pale pale. Lakini kila mtu anajua kijana anayemvunjia baba yake heshima mbele ya wakwe anaondoka na nini. Na chumba cha pili alikuwemo mtu niliyemtaka.

Baba mkwe alinigeukia. Akaniuliza, "Umemsikia baba yako?" Nikasema nimemsikia. Akaniambia nimshukuru basi, maana wapo vijana waliokwenda na ndege hizo na wazazi wao hawajui hata walipozikwa.

Kwa hiyo niliinuka kutoka kwenye kigoda changu, nikamtazama baba yangu machoni kwa mara ya kwanza mchana ule, nikasema, "Asante, baba." Sauti ilitoka vizuri. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na dumu la pombe likafunguliwa. Posa ilikubaliwa kabla jua halijageuka.

Tulipotoka, shemeji alinifuata hadi kwenye gari nikiwa naangalia maji ya rejeta. Alisema, "Nilikuomba msamaha kwa kosa lisilo langu. Sasa sijui nikuombe kwa lipi." Nilifunga rejeta, nikashusha boneti. Hatukutaniana tena kwa miaka mingi, na tulipokuja kujaribu, tukiwa na mvi, tulijikuta tunaulizana habari za mvua.

Njia ya kurudi ilikuwa na makorongo, na mvua ya siku iliyopita ilikuwa imekula kingo. Shemeji alishika chuma cha nyuma kwa mikono yote miwili. Mimi nilikuwa nalia, nasema wazi, nilikuwa nalia bila sauti na barabara nilikuwa naiona kwa vipande. Nilitaka baba anione, anitazame hata mara moja, aulize. Tulipofika kwenye kona mbaya kuliko zote, ambapo abiria wengine wa gari langu walizoea kufunga macho na kumtaja Mungu, nilimgeukia. Alikuwa amelala. Kichwa chake kilikuwa kimeniegemea begani, mdomo wazi kidogo, amejiachia kabisa, mmoja wa wale watatu tu Karatu nzima waliojua tangu mwanzo kwamba dereva huyu hawezi kuanguka.